Gusa upite, bei utaambiwa kesho

Niliingia kituo cha treni kwa kadi moja ya benki nikatoka kwa nyingine, na wala sikujua. Yaani pochi ni ileile, mkono ni uleule, mashine ikalia ti kule nilikopandia na ikalia ti kule niliposhukia, geti likafunguka mara zote mbili, mimi huyo nikaenda zangu najiona mjanja wa mjini. Siku tatu baadaye napitia meseji za benki, nakuta kadi ya kwanza imekatwa nauli ya juu kabisa na kadi ya pili nayo imekatwa nauli ya juu kabisa, safari yenyewe ilikuwa ya vituo vinne tu.

Maana kwa akili ya mfumo wa nauli siku ile hawakuona mtu mmoja, waliona wawili. Mmoja kaingia stesheni hajatoka mpaka leo, na mwingine katoka bila kuingia, kachipuka tu humo ndani kama uyoga. Wote wawili wakatwangwa nauli ya adhabu. Nikapiga simu huduma kwa wateja, baada ya muziki wa kutosha nikampata dada mmoja mpole sana, akaniambia, "Kaka, huku kwetu inaonekana hiyo safari haijakamilika." Nikamwambia dada yangu, kama haijakamilika basi ujue nakupigia nikiwa bado niko relini. Akacheka, akanirudishia hela. Lakini kuanzia siku hiyo nikaanza kuliangalia hili jambo la kulipia nauli kwa kadi ya benki kwa jicho lingine, ndo hayo naandika leo.

Kwanza niseme sipingi, msije mkaniona wale wazee wa kila kipya ni kibaya. Ukifika mji ambao huujui, hujui tiketi zinauzwa wapi, hujui mji umegawanywaje kwa nauli, kanda ya kwanza ni ipi na ya tatu ni ipi, mashine ya tiketi ina vitufe kama ndege na nyuma yako kuna foleni inakupumulia kisogoni, halafu unagundua kadi uliyo nayo mfukoni, hiyohiyo unayonunulia mkate, inafungua geti. Hiyo raha sio ndogo. Hakuna kujaza salio, hakuna kadi ya mji mwingine inayokuja kuozea kwenye droo.

Na jambo lenyewe si geni kihivyo. London walianza kupokea kadi za benki kwenye mabasi Desemba 2012, Julai 2014 wakaacha kabisa kupokea pesa taslimu ndani ya basi, na Septemba mwaka huohuo treni za chini ya ardhi nazo zikaingia. New York walianza kidogokidogo mwaka 2019 na kufikia mwisho wa 2020 vituo vyote vya subway, yaani treni zao za chini ya ardhi, na mabasi yote ya mji yalikuwa na zile mashine. Kwa hiyo watu washazoea, mtoto aliyekulia huko ukimwambia zamani tulikuwa tunakata tiketi ya karatasi anakuangalia kama umemwambia zamani tulikuwa tunawasha moto kwa vijiti.

Sasa hapa ndo pana utamu, nivumilieni kidogo.

Ukilipia dukani kwa kadi, mashine inaongea na benki, benki inaangalia kama una hela, inajibu ndiyo au hapana, wewe unasubiri hapo sekunde mbili tatu, hakuna shida. Kwenye geti la treni asubuhi watu wanaenda kazini hiyo haiwezekani. London walihitaji kila mguso umalizike ndani ya nusu sekunde, ikizidi hapo foleni inarudi mpaka ngazini na watu wanaanza kusukumana. Kwa hiyo geti halipigi simu benki. Linachofanya ni kusoma chipu, kuhakikisha kadi ni halali na haijaisha muda, kuangalia kama namba yake haimo kwenye orodha ya kadi zilizofungiwa, basi, linafunguka. Linaandika tu: kadi fulani, kituo fulani, saa fulani. Hela haijahama popote. Ulichofanya pale ni kukopa, yaani umepandishwa kwa mali kauli bila mtu kukuuliza jina.

Usiku ndo mahesabu yanafanyika. Kompyuta huko nyuma inachukua migusano yako yote ya siku, inaunganisha huyu aliingia hapa akatoka pale, inapiga nauli, inajumlisha, inapeleka benki deni moja. Na kwa sababu inakuona siku nzima kwa pamoja, inaweza kukufanyia kitu ambacho kondakta wa zamani asingeweza hata angekuwa na roho nzuri namna gani: inaweka kikomo. London ukisafiri mara nyingi kwa siku, ukifika kiwango fulani zinazobaki ni bure mpaka siku iishe, na kuna kikomo cha wiki pia, Jumatatu hadi Jumapili. New York ukishalipa safari 12 ndani ya siku saba, kuanzia ya 13 unaenda bure. Zamani pasi ya wiki au ya mwezi ilikuwa ya mwenye hela ya kulipa mapema kwa mkupuo, yule anayeokoteza ya leo leo ndiye aliyekuwa analipa ghali zaidi kwa safari zilezile. Kikomo kimemaliza huo uonevu, na hata mtu akiniamsha usiku wa manane nitakitetea.

Lakini angalieni vizuri. Kile kile kinacholeta kikomo ndicho kilichoninyima mimi kujua nimekatwa ngapi. Mahesabu yanafanyika baadaye, kwa hiyo pale getini hakuna anayejua bei, hata geti lenyewe halijui! Unatoka, linalia ti, taa ya kijani, kwaheri. Umenunua kitu, umekitumia, umekimaliza, na bei utaambiwa kesho. Kwa Kiswahili chetu hii inaitwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba huyu mbuzi umeshamla.

Kadi za zamani za kujaza salio hazikuwa hivi. Salio lilikaa ndani ya kadi yenyewe, geti linasoma, linakata, linaandika salio jipya, na kwenye kioo kidogo unaona umekatwa kiasi gani na umebakiwa na kiasi gani. Octopus, kadi ya nauli ya Hong Kong, inafanya hivyo tangu 1997. Nusu sekunde, jicho likipita tu umejua hali yako. Mtu mwenye mia mbili mfukoni na mwenye laki mbili wote wanapata habari ileile papohapo.

Wanaosema haya ni malalamiko ya watu wasiopenda teknolojia waende wakaulize Singapore. Kule si watu wa kuogopa mashine. Januari 2024 serikali ilitangaza kwamba kadi za zamani zilizobaki zitaachwa kutumika ifikapo Juni na watu wazima wote wahamie mfumo mpya ambao mahesabu yake yako nyuma, uleule unaopokea na kadi za benki. Wananchi wakaja juu. Na kilichowaudhi zaidi sio wizi wala usalama, ni kwamba mfumo mpya ulikuwa hauonyeshi nauli na salio pale unapogusa, mpaka ufungue programu kwenye simu. Wiki mbili hazikuisha waziri akarudi kusema mfumo wa zamani unabaki, na wakatenga dola milioni 40 za Singapore kuuendeleza. Milioni arobaini ili mtu aendelee kuona namba kwenye kioo. Mimi nasema ni hela iliyotumika vizuri, maana mzee anayeishi kwa pensheni haangalii ile namba kwa udadisi, anaiangalia ajue kama kesho ataenda hospitali na kurudi.

Kwa nini wasiiweke tu hiyo namba kwenye mfumo mpya? Kwa sababu hela haiko kwenye kadi, geti lingelazimika kuuliza mbali na kusubiri jibu, na tumeshasema pale hakuna muda wa kusubiri jibu. Sio kwamba haiwezekani kabisa, ila ni kazi ndefu. Kwa hiyo msimamo wangu mimi ni huu, na mtu anipinge: pale nauli ni moja popote unapoenda, kadi ya benki haina mpinzani. Unajua bei kabla hujapanda, unagusa mara moja tu, hakuna cha kugusa wakati wa kushuka, hakuna cha kusahau. Mabasi ya London yako hivyo, subway ya New York iko hivyo. Balaa liko kwenye nauli za umbali, za kanda, za saa ya msongamano na saa isiyo ya msongamano, ambako lazima uguse kuingia na kutoka na bei inategemea vitu vinne ambavyo abiria aliyechoka saa moja jioni hawezi kuvikumbuka. Ukisahau kugusa kutoka wanakuchaji ya juu kabisa, na mara nyingine hakuna hata geti la kukukumbusha, kuna kinguzo tu kimesimama pembeni kimya.

Halafu kuna hili la simu ambalo watu wengi hawalijui, na lazima niliseme maana limewatafuna jamaa zangu wawili. Ukiweka kadi yako kwenye simu ya kisasa au saa ya mkononi, ile simu haitumii namba iliyochapwa kwenye kadi ya plastiki, inapewa namba yake nyingine kwa ajili ya usalama, na saa nayo inapewa ya kwake. Akaunti ni moja, hela zinatoka shimo lilelile, lakini kwa geti hao ni watu tofauti. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu kwa sababu "si ni kadi ileile", umekuwa kama mimi siku ile, mtu na mzimu wake. Na kikomo nacho kinagawanyika, safari sita kwenye kadi na sita kwenye simu haziwi kumi na mbili, ni sita na sita. Chagua kimoja ukae nacho. Na kama pochi ina kadi mbili za aina hii usiibandike yote kwenye mashine kama unapaka siagi, itoe kadi moja, kwa sababu mashine itasoma ile itakayowahi kujibu na hujui ni ipi.

Kadi isipokuwa na hela inakuwaje? Mara nyingi inakupitisha ile safari ya kwanza, si nimesema geti haliulizi benki. Usiku benki ikikataa kulipa, namba inaingia kwenye orodha, kesho yake unagusa unapata taa nyekundu na ti mbili za kukuaibisha mbele za watu. Nimewahi kumwona mama mmoja mlangoni mwa basi akigusa mara ya kwanza, ya pili, akaifuta kadi kwenye sketi akagusa ya tatu, huku anasema taratibu "jana imekubali, jana imekubali". Kweli jana ilikubali. Deni la hiyo jana ndilo lililomfungia leo, na hakuna mtu wala mashine iliyomwambia. Dereva akamwonyesha kwa mkono apite akakae, tukaondoka. Sasa pale kusingekuwa na dereva, kungekuwa na geti tupu?

Na huyo mama angalau ana kadi. Benki ya Dunia ilihesabu mwaka 2021 kwamba watu wazima kama bilioni 1.4 duniani walikuwa hawana akaunti yoyote, si ya benki si ya simu. Huwezi kumwambia mtu basi ni la umma halafu mlangoni ukamdai kitu ambacho benki inaweza kumnyima. Sehemu zilizofanya kwa akili zimebakiza kadi ya kujaza kwa pesa taslimu madukani, inayogusa mashine hiyohiyo na kupata kikomo hichohicho. Hilo silijadili sana kwa sababu naliona liko wazi mno, anayebisha sijui anaishi dunia ipi.

Kuhusu faragha watu wanapenda kutishana kwamba benki inajua ulishukia wapi. Pale migusano inapojumlishwa, kwa kawaida benki inaona deni la siku tu, hizo stesheni anazo mwenye treni. Kama hilo linakupa amani au linakuongezea hofu ni juu yako.

Mimi bado natumia kadi ya benki, sitawadanganya. Ila nina utaratibu: kadi ya nauli inakaa nyuma ya kava la simu peke yake na haishirikiani na kadi nyingine, na kwenye simu yenyewe malipo ya kugusa nimezima ili wasije wakagombania. Na kila Jumapili jioni nakaa na chai napitia safari za wiki kwenye akaunti yangu moja baada ya nyingine, kitu ambacho enzi za tiketi ya karatasi sikuwahi kukifanya hata siku moja.

Wiki iliyopita nikaruka kwenye kiti. Kuna makato ya Jumapili na Jumapili nzima nilikuwa nimelala ndani na mafua, hata mlango sikuufungua. Nikashika simu tayari kwa vita, namba ya huduma kwa wateja naijua kwa kichwa siku hizi, muziki ukaanza, ndo nikashusha macho kwenye maandishi madogo chini. Kumbe zilikuwa safari za Jumamosi, benki imeziandika tarehe ya siku iliyofuata. Nikakata simu kabla yule dada hajapokea.