Hamilton ana kaburi, Kimathi je?

Binti yangu ana miaka 12, kazaliwa hapa New Jersey. Atakuimbia maisha ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, tangu kisiwa cha Nevis hadi alipopigwa risasi na Aaron Burr hapo Weehawken mwaka 1804. Nilipomuuliza Dedan Kimathi ni nani, akanijibu ni ile barabara ya Nairobi tulikomnunulia viatu. Jibu hilo liliniuma sana, maana Kimathi ndiye aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya wakoloni Waingereza kwetu Kenya.

Nilipohamia Marekani 2009, Hamilton alikuwa sura tu kwenye noti ya dola 10. Wenzangu kazini walidhani aliwahi kuwa rais, kumbe alikuwa waziri wa kwanza wa fedha. Mwaka 2015 serikali ikatangaza kuwa noti ile itapewa sura ya mwanamke. Mwaka huohuo Lin-Manuel Miranda, mwana wa wazazi wa Puerto Rico, akafikisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, tamthilia yake ya muziki kuhusu Hamilton: waasisi weupe wakaigizwa na weusi na Walatino, wakirap. Mwaka 2016 serikali ikabadili nia. Hamilton akabaki, Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwa na kuwakomboa wengine, akapangiwa noti ya dola 20.

Na Wamarekani hawakuishia kumsifu Hamilton. Mwaka 2020 mtafiti wa jumba la wakwe zake, kule Albany, alichapisha ushahidi kwamba Hamilton, anayesifiwa kupinga utumwa, alinunua na kumiliki watumwa. Binti yangu alilisikia shuleni akarudi amenuna. Kesho yake aliimba tena, lakini sasa anauliza maswali.

Jumamosi moja nilimpeleka Trinity Church, karibu na Wall Street. Kaburi la Hamilton ni la jiwe jeupe. Kwenye jiwe la mkewe Eliza, kandokando, watu walikuwa wameacha senti na maua yaliyoanza kunyauka. Akaniuliza, "Baba, na wa kwetu amezikwa wapi?"

Ningemwambia nini? Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa humohumo gerezani bila alama. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa ya mumewe miaka na miaka, akafariki 2023 hajaipata. Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 ya uhuru!

Ndiyo, ana sanamu tangu 2007. Ndiyo, Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo walimwandikia tamthilia, ikachezwa Nairobi 1976. Lakini mtoto wa leo ataisikia wapi? Mwaka 2019 tulitoa sura za watu kwenye noti zetu, kama katiba inavyotaka, nami niliunga mkono. Ila hatukuwapa watoto kitu kingine cha kushika.

Msiniambie ni pesa. Tiketi ya Broadway hata mimi ilinishinda, tuliitazama kwenye runinga. Vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, wanarekodi nyimbo kwa simu, na nchi nzima inacheza. Nataka wamwimbe Kimathi kwa Sheng, na mabaya yake wasiyafiche. Na Kamiti ichimbwe.