Bendi ya roki ikirudia nyimbo za mtunzi inayempenda, shida iko wapi?

Kila saa bendi ya roki hapa Nairobi ikitangaza ati itapiga shoo ya nyimbo za mtunzi mmoja tu wenye wanampenda, iwe ni Bob Dylan, iwe ni David Bowie, iwe ni Leonard Cohen, maneno huanza kabla hata tiketi zitoke. Ati wameishiwa. Ati hiyo ni kazi ya bendi za hoteli. Ati roki ya Kenya haitawahi kutambulika kama wasee wake kila wikendi wanaimba vitu za Marekani na Uingereza. Hayo maneno nimeyasoma miaka mingi na naelewa yanatoka wapi, lakini naona wanaoyasema wanaweka kwa kapu moja vitu viwili havifanani, na wenye wanaumia ni zile bendi zinafanya kazi ya maana kabisa.

Upande wao uko na ukweli, na mkubwa. Mwenye baa Westlands anataka watu wakae na waagize, kwa hivyo anataka ngoma watu wanazijua, na bendi changa ikikubali hiyo kazi inaingia na nyimbo zake nane na baada ya muda inajikuta inapiga mbili, tena za kufungua shoo watu wakiwa bado hawajafika. Roki hapa haina nafasi nyingi. Tangu X FM itoke hewani hakuna redio unaweza kusema ni nyumbani kwa hii muziki, so kila dakika ya jukwaa iko na bei. Na ukiangalia bendi zenye zilijijengea jina, Parking Lot Grass, Murfy's Flaw, Crystal Axis, zote zilijulikana kwa vitu zao wenyewe. Crystal Axis walitoa wimbo kuhusu Nyayo House, lile jengo la Nairobi watu waliteswa na serikali enzi za Moi. Hiyo hakuna mtunzi wa New York angetuandikia, na mtu akiniambia saa moja ya jukwaa iende kwa nyimbo kama hizo badala ya kurudia za wengine, siwezi nikasema anakosea.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo nawasikiliza sana. Malaika, na Mbube ile ya Afrika Kusini, kila mtu anajua zilivyozunguka dunia na waliozianzisha wakapata kidogo sana, sitarudia. Lakini kuna mwingine watu hawamtaji, Arthur Alexander, mtunzi kutoka Alabama. Beatles waliimba wimbo wake kwa albamu yao ya kwanza, Rolling Stones wakaimba mwingine, Bob Dylan naye akaimba mwingine. Sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayeandika nyimbo, hao watatu wote wakuchague. Na huyo huyo Arthur Alexander aliishia kuendesha basi Cleveland miaka kadhaa, akarudi kwa muziki mwanzo wa miaka ya 90, akatoa albamu moja mwaka 1993 na mwaka huo huo akafariki. Kupendwa na wanamuziki wenzako hakulipi kodi ya nyumba. Hilo nalikubali bila kupunguza kitu.

Sasa kenye sikubali ni ile kuruka kutoka hapo mpaka kusema kurudia nyimbo za mtu ni uvivu.

Chukua hizi namba mbili, mimi zimenikaa kichwani sana. Albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me, ya mwaka 1963, iko na nyimbo 14, na 6 ni za watunzi wengine. Nirvana walipokaa chini na magitaa bila kelele pale New York Novemba 1993, kwa ile shoo ya MTV, albamu iliyotoka mwaka uliofuata iko na nyimbo 14, na 6 ni za watu wengine. Hebu fikiria hiyo. Bendi moja ndio inaanza, inajifunza kuandika kwa kuingia ndani ya nyimbo za watu inaowahusudu. Bendi ingine iko juu kabisa, inaweza kuimba chochote na watu wanunue, na bado inatoa karibu nusu ya usiku wake kwa watunzi inaowapenda. Na hakuna mtu aliwahi kusema Lennon na McCartney wa Beatles hawakuwa na vyao, au ati Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa ameishiwa. Kama kurudia kunaua utunzi, hao wangekuwa wa kwanza kuzikwa.

Na uangalie Cobain alichagua nini. Nyimbo tatu kati ya zile sita zilikuwa za Meat Puppets, bendi ya Arizona yenye watu wengi wa MTV hawakuwa wanaijua, na zote tatu zilitoka kwa albamu yao ya mwaka 1984. Hakuziimba tu, aliwaita wale ndugu wawili, Curt na Cris Kirkwood, wakakaa hapo kando yake wapige pamoja naye. Angeweza kuita mtu maarufu. Aliita wenye nyimbo. Albamu ya Meat Puppets ya mwaka 1994 ikauza mpaka ikafika kiwango cha dhahabu Marekani, kitu haikuwa imewatokea kabla. Hiyo ndiyo naita kurudia kwa heshima, na haina uhusiano na bendi inayopiga ngoma ya watu juu meneja wa baa ameandika kwa karatasi.

Tofauti iko kwa kazi yenyewe, si kwa nia tu. Ukipiga wimbo wa mtu kama ulivyo, umejifunza chords zake, imeishia hapo. Ukitaka kuupiga kama unaupenda lazima uuvunje: ni mistari gani inabeba wimbo, ni wapi mtunzi alificha kitu na sauti yake haikukifikisha, gitaa iingie wapi na inyamaze wapi. Dylan alitoa All Along the Watchtower mwisho wa 1967, gitaa la mbao, hamonika, besi na drami, kitu kavu cha dakika mbili na nusu. Jimi Hendrix, yule bingwa wa gitaa, akaingia nayo studio London Januari 1968, ule mwezi uliofuata, na akatoka na dhoruba. Maneno ni yale yale. Lakini ile hofu iliyokuwa ndani ya maneno, ya watu wanaona kitu kinakuja kwa mbali, Hendrix ndiye aliipatia sauti. Na Dylan hakukasirika, miaka iliyofuata amekuwa akiupiga jukwaani kwa njia inayokaribia ya Hendrix kuliko yake mwenyewe, na huo ndio wimbo ameupiga mara nyingi kuliko zote, zaidi ya mara 2,000. Mtunzi alijifunza wimbo wake kutoka kwa mtu aliyeurudia!

Cohen ndio mfano wenye unanigusa zaidi. Hallelujah ilitoka mwaka 1984 kwa albamu ambayo kampuni yake Marekani ilikataa kuitoa, walisikiliza wakaona haitoshi. Wimbo ungeishia hapo. Mwaka 1991 ikatoka albamu ya wanamuziki wengine kumheshimu Cohen, na John Cale, yule wa bendi ya Velvet Underground, alikuwa ameomba maneno ya Hallelujah. Cohen akamtumia kurasa 15 kwa faksi. Kurasa 15! Cale akakaa nazo, akachagua beti zake, akaimba na piano peke yake. Mwimbaji mwingine, Jeff Buckley, akaisikia hiyo ya Cale, si ya Cohen, akaigeuza kuwa ya gitaa, ikatoka mwaka 1994. Kwa hivyo wimbo wenye sisi wote tunaujua, wenye unaimbwa harusini na mazishini, hata kwa makwaya ambayo yangeshtuka yakisoma beti zingine, ulijengwa na watu watatu kwa miaka kumi, na wawili kati yao walikuwa tu mafani wenye masikio mazuri. Desemba 2008 Uingereza, toleo la Alexandra Burke lilikuwa namba 1 na la Buckley namba 2, na la Cohen mwenyewe likaingia namba 36, miaka 24 baada ya kutoka. Mwaka huo huo Cohen alikuwa amerudi barabarani kuimba akiwa na miaka 70 na kitu, juu pesa zake za uzeeni zilikuwa zimepotea mikononi mwa aliyemsimamia. Alipata kumbi zimejaa. Waliojaza hizo kumbi, naamini wengi walifika kwa Cohen kupitia watu waliomrudia. Ndio maana nikisikia mtu akisema hiyo kazi ni ya kunakili naumia kidogo.

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndio mimi mwenyewe niko na lalamiko kwa bendi zetu, na si lile la kawaida. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza inaitwa Tremeloes, hao waliwahi kufika namba 1 huko, walichukua Helule Helule ya Daudi Kabaka, wakaipiga kwa magitaa yao, ikafika namba 14 kwa chati ya Uingereza. Daudi Kabaka wetu, wa bendi ya Equator Sound, wa Msichana wa Elimu, wa twisti. Wazungu wa magitaa waliusikia wimbo wa Nairobi, wakaona ni wa kupigwa, zaidi ya nusu karne iliyopita. Na mimi sijasikia bendi ya roki ya Nairobi ikitenga usiku mzima kwa Kabaka vile inatenga kwa Bowie. Kama ipo nitafurahi sana kuambiwa. Juu fikiria, ile twisti ya Kabaka tayari ni ndugu ya rok en rol, mdundo unaruka, gitaa linajibu sauti, korasi fupi ambayo mtu anaishika mara ya pili akisikia. Huhitaji kuilazimisha, ongeza uzito kwa drami, chafua gitaa kidogo na iko. Bendi iliyojifunza kuvunja Dylan na kumjenga upya iko na kila kitu inahitaji kumfanyia Kabaka hivyo, au Fadhili William, au Fundi Konde. Wanaosema bendi ziache kurudia wangeuliza swali hilo badala yake, wanarudia nani, na wangepata watu wengi upande wao, mimi wa kwanza.

Lakini hapo ndipo pesa inarudi, na haiwezi kurukwa. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kabaka na Fadhili wote wawili walituacha 2001, so haki zao ziko hai mpaka mwisho wa 2051. Kupiga jukwaani ni jambo la leseni ya ukumbi, na hapo kila mtu anajua vile MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, na KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, wamekuwa wakivutana miaka na miaka kuhusu nani anakusanya na nani analipwa, hilo bendi haiwezi kulimaliza. Kurekodi ni kitu kingine. Ukiingia studio na wimbo wa mtu unahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kabla ya kurekodi, si baada ya video kufika mtandaoni na familia kuuliza. Na jina liandikwe. Cobain alipomaliza wimbo wa Bowie pale New York alisema kwa maiki huo ni wimbo wa David Bowie, unasikika kwa rekodi, na bado Bowie alisimulia baadaye vile vijana walikuwa wanamfuata kumwambia ni vizuri ameimba ngoma ya Nirvana. Kama hata baada ya kutajwa kwa maiki hivyo jina lilipotea, basi kwa bendi yetu kusema "hii ni ya mzee fulani" kati ya kelele za glasi haitoshi kabisa, liwe kwa bango la shoo, liwe kwa maelezo ya video, liwe kwa ile orodha ya nyimbo inayopelekwa kwa wakusanyaji mirabaha hata kama unaona hawataisoma.

Kwa hivyo kwa wale wa "wacheni kurudia", mimi nasimama na nyinyi kwa malipo na kwa jina, na kwa mwenye baa anayenunua bendi kama spika ya kukodi. Kwa hayo mengine siwezi. Na bendi yoyote ya hapa ikiamua kufanya usiku wa Kabaka, ombi langu ni wasianze na Helule Helule, wafungue na Msichana wa Elimu, polepole, gitaa moja na sauti, ndio wale waliokuja kusema hii si roki wasikie maneno kwanza, halafu Helule Helule ikuje mwisho na kila kitu kimefunguliwa, juu hiyo watu wataidai tena.