Siku Maskauti wa Lamu Walipovunjika Mikono

Dada yangu ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya skauti. Mwanawe alijiunga na kikosi, na kwa kuwa ukoo mzima mwandiko unaosomeka ni wangu peke yangu, nikafanywa katibu. Kazi yenyewe ni kuandika habari. Fulani kapata beji, andika. Wamezoa takataka ufuoni Shela, andika. Wakati wa Maulidi wamewaelekeza wageni waliopotea vichochoroni, andika, na usisahau yule mgeni aliyerudishwa msikiti ule ule mara mbili. Kila robo mwaka habari hizi zinaungwa kuwa ripoti, ripoti inasomwa mbele ya mgeni wa heshima, mgeni anagawa beji, watu wanakula mahamri, kila mtu anarudi kwake.

Robo hiyo tulikuwa na la kusema. Vijana walikuwa wamepanda mikoko, na si haba. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo mtu akiwa skauti huku hana pa kuukimbilia mkoko. Mtu wa bara atadhani ni kuchomeka vijiti matopeni. Ajaribu. Maji yamekupwa, tope liko magotini, kila hatua kiatu kinabaki nyuma, na lile tunda refu la mkoko lazima ulizamishe kwa upande wa ncha, si upande wa kichwa, la sivyo umepanda kuni. Niliandika ukurasa mzima juu ya kazi hiyo, kwa lugha ya kuvutia, maana nilijua itasomwa kwa kipaza sauti.

Mgeni wa heshima tulimchagua fundi wa majahazi kutoka Matondoni, mzee wa maneno machache, ambaye mambo ya skauti alikuwa hajawahi kuyaona hata kwa mbali. Sherehe iliwekwa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, saa tisa alasiri. Saa tisa ikafika, mgeni hakufika. Mashua yake ilikuwa imekaa juu ya fungu la mchanga ikingoja maji. Mtu amejenga majahazi umri wake wote, leo kapandishwa fungu na kijana wa juzi. Sikuwapo, lakini nahodha yule nilimwona baadaye na uso wake ulikuwa umeshaeleza yote.

Kiongozi wetu hapendi muda upotee. Akaamuru Chipukizi, yaani skauti wa rika la pili, waanze maonyesho ya huduma ya kwanza. Hapa lazima nieleze habari ya skafu. Kile kitambaa cha shingoni si pambo tu. Kifungue, kina pembe tatu, na mtu akivunjika mkono unamfunga nacho, mkono ukaning'inia kifuani. Basi Chipukizi nusu wakawa majeruhi, nusu waganga, na atakayeumia vizuri kuliko wenzake kuahidiwa sahani ya halua.

Halua ya Lamu mnaijua. Watoto waliumia kwa bidii. Mpwa wangu alijipaka nyanya ya kopo iliyochanganywa na shira, damu ikatoka kama damu, ila shira ikaita nzi, na nzi wakaja na jamaa zao. Akalala kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa, anaugua kwa sauti aliyoifanyia mazoezi wiki nzima chumbani, tusilale.

Mzee akatokea wakati huo. Alipanda kutoka gatini, kikoi kimelowa, bakora mkononi, na maelezo yote ya maonyesho yamempita. Mshereheshaji kwa furaha akatangaza: "Mgeni wetu amewasili! Sungura, msalimuni!"

Sungura ndio wadogo kabisa. Wiki ile walikuwa wamefundishwa salamu ya skauti, na salamu ya skauti ni ya mkono wa kushoto. Inasimuliwa kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliipata kwa Waashanti wa Ghana: mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, kwa hiyo anayekupa huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Hadithi nzuri sana. Bahati mbaya Matondoni haijafika. Kwetu mtoto akimpa mzee mkono wa kushoto hutafutwa fimbo kwanza, sababu baadaye. Na mwenyewe Baden-Powell amelala Nyeri tangu Januari 1941, hawezi kuitwa aje atufafanulie.

Mtoto wa kwanza akanyoosha wa kushoto. Mzee akautazama. Ni mtu wa imani, hakudhani ubaya.

"Mwanangu, wa kuume una nini?"

Mtoto alikuwa ameambiwa kwenye mstari hakuna kusema, ni kutabasamu tu. Akatabasamu.

"Masikini. Na bado acheka."

Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Mzee akaanza kuwapa pole mmoja mmoja, akiwashika kichwa. Alipofika wa saba akainua macho, na nyuma ya mstari akawaona Chipukizi majeruhi: wengine wamekaa, wengine wamelala, wote mkono wa kulia umefungwa kifuani, na mpwa wangu katikati ya nzi akimwita mama yake.

Mzee akakaa kwenye ngazi za Ngome. "Hata moya hakusalimika?"

Mshereheshaji hakusikia, maana alikuwa akitazama saa. Akaniita nisome ripoti. Ratiba ni ratiba. Nikashika kipaza sauti, nikaanza na mikoko.

"Katika kazi hii ngumu," nikasoma, "vijana wetu walitoa mikono yao bila manung'uniko."

"Wametoa mikono!" Mzee akapaza sauti.

Nikadhani amependezwa. Nikaendelea kwa nguvu zaidi: "Na mwezi ujao, inshallah, wako tayari kutoa mikono zaidi."

Pale Mkunguni wazee hucheza bao chini ya miti, na mcheza bao anasikia kila kitu isipokuwa mkewe akimwita. Mmoja akaacha kete zake hewani. Akamwambia mchukuzi aliyekuwa akipita na punda wake, mchukuzi akashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na habari ikamtangulia punda. Karibu na soko ilikuwa jukwaa limeanguka. Ilipofika mtaa wa Langoni, mashua ya watoto ilikuwa imepinduka kwenye mlango wa bahari wa Mkanda. Shela, naambiwa, walisikia ukuta wa Ngome umewalalia maskauti, na kuna mtu huko aliyesikia kishindo chake kwa masikio yake.

Wazazi wakaja. Jamani, wazazi walikuja! Sisi huitisha mikutano ya wazazi kila muhula, tukibahatika wanatokea watatu, na mmoja kati yao alikuwa amekuja kuulizia kiwanja. Siku hiyo mabuibui yalijaa uwanja kutoka kila kichochoro. Mmoja alikuja na mwiko wenye wali, mwingine na ungo na mchele wake ndani, na sijui alivuka vipi umati bila kumwaga punje.

Nyuma yao, juu ya punda, akaja mzee anayeunga mifupa, na kikapu chake cha manjano, mayai na vitambaa. Huyu hana tabia ya kuuliza maswali mengi. Alishuka akamwendea aliyeonekana mahututi kuliko wote, yaani mpwa wangu.

"Hapa panauma?"

Mpwa wangu akafungua jicho moja, akaona kiongozi anatazama, na halua haijatolewa.

"Panauma."

"Na hapa?"

"Hapo zaidi! Hapo ndipo penyewe!"

"Bega limetoka," akasema mzee yule, akaweka unyayo wake ubavuni mwa mtoto, akashika mkono, akavuta.

Kilio kilichotoka hakikuwa kile cha chumbani. Ugonjwa wa maigizo ukaisha papo hapo, wa kweli ukachukua nafasi, na dada yangu akaingia uwanjani sekunde ile ile.

Kiongozi akaninyang'anya kipaza sauti. "Wazazi, tulieni! Ni mazoezi tu!" Jambo hilo liliwatibua zaidi. Mama wa ungo akauliza ni mazoezi gani hayo ya kuvunja watoto wote mkono mmoja. Kiongozi akaona maneno hayafai, bora macho yajionee. Akavuta pumzi akaamuru kikosi kizima kifungue skafu na kupiga saluti.

Saluti ya skauti ni vidole vitatu. Vitatu juu kwa ajili ya ahadi zao tatu, kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi, na gumba limekunjwa juu ya kidole cha mwisho. Mikono ya kulia ikapaa yote pamoja, mizima, imenyooka, inapendeza.

Kukawa kimya kidogo, kisha mama wa mwiko: "Yarabi! Na vidole viwili viwili wamewakata!"

Sitaeleza yaliyofuata kwa dakika kadhaa, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mzinga wa Ngome. Aliyetuokoa ni mgeni wa heshima mwenyewe. Fundi wa mbao anajua kidole kilichokatika, ameona vingi. Aliinuka, akamwendea yule Sungura wa kwanza, akaukunjua mkono wake mbele ya mama zake wote, akavihesabu vidole kwa sauti. Vitano. Akaenda kwa wa pili. Vitano. Alipofika wa nne alianza kucheka, na mzee yule akicheka anacheka kwa mabega, na mama mmoja akacheka, basi ikawa imekwisha.

Beji ziligawiwa. Kila mtoto alipewa yake kwa mkono wa kuume na kuipokea kwa mkono wa kuume, hilo mzee hakutaka mjadala, na kiongozi wetu alijua si wakati wa kuleta habari za Waashanti. Halua alipewa mpwa wangu bila kura. Mkono wa kulia ukawa haupandi mdomoni kweli kweli, akaanza kula kwa kushoto, na dada yangu akamchapa kofi la mkono huo pia.

Nilipeleka ripoti wilayani kama ilivyo desturi. Kwenye kipengele cha wazazi waliohudhuria niliandika "wote", maana ni kweli. Jibu limerudi lenye pongezi, na ombi kwamba kikosi chetu kiwaeleze wenzetu mbinu tunayoitumia kuwavuta wazazi. Kiongozi amesema nijibu mimi, kwa kuwa ndiye katibu.

Pamoja na barua hiyo, mezani kwangu kuna karatasi nyingine, kutoka kwa mzee wa mifupa. Anadai malipo ya bega moja, mayai manne, na punda kwenda na kurudi.