Zohali Iliponifuata Kazini

Nyumbani kwetu habari nzito hutangazwa taa zikishazimwa. Mchana kutwa mtoto hana jipya. Ukimuuliza shule ilikuwaje anajibu "Nzuri," na mjadala umefungwa hapo. Anaoga, anapiga mswaki, anagombana kidogo na dada yake ili siku isipite bure, anapanda kitandani. Unazima taa, unaanza kunyata kuelekea mlangoni, maana laptopu inakungoja mezani na ripoti ya robo mwaka imefika nusu. Ndipo sauti inatoka gizani:

"Mama."

"Nini tena, baba?"

"Kesho natakiwa kupeleka mfumo wa jua."

Nikawasha taa. "Wote?"

"Wote. Jua na sayari zake nane. Mwalimu alituambia tangu mwezi uliopita."

Sikufoka. Ukifoka usiku unaamsha nyumba nzima, na nyumba nzima ikiamka itataka maji ya kunywa. Niliamsha mtu mmoja tu, baba watoto, kwa kuwa ndoa ni kusaidiana.

Kwa bahati binti yangu mkubwa alikuwa na mfuko wa mipira ya polistirini iliyobaki kwenye mapambo ya sherehe, ndugu wa yale mapande meupe mepesi yanayokuja na televisheni ndani ya boksi. Yeye akashika brashi na rangi za maji. Mdogo wake akashika usimamizi. Mimi nikashika mkasi. Baba watoto akashika hoja.

"Mbona nane? Sisi tulisoma tisa."

"Baba, Pluto iliondolewa 2006," mtoto akamjibu kwa upole, kwa ile sauti ya kumpa mtu habari za msiba. "Umoja wa Kimataifa wa Astronomia walikutana Prague wakapiga kura."

"Wakapiga kura! Sisi tuliofanyia mtihani tuliulizwa?"

Hakuulizwa, na hilo lilimuuma waziwazi. Akakaa pembeni, akachukua kimpira kidogo kuliko vyote, akakipaka rangi ya kijivu peke yake, akakiacha kikauke, halafu akakitia mfukoni. Nilimwona nikanyamaza. Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza.

Usiku ule tulilala mfumo wa jua ukiwa umesimama juu ya ubao, kila sayari kwenye kijiti chake. Asubuhi tukakuta pete ya Zohali iko sakafuni. Gundi ya karatasi ilikuwa imekata tamaa wakati wa alfajiri.

Hapo nimeshavaa suti ya vikao, viatu vya kisigino, hereni sikio moja. Basi la shule linakaribia. Nina kikao cha kuwasilisha mahesabu mbele ya mkurugenzi. Baba watoto akafunga tai yake na kusema, "Tia supagluu. Ile haina mchezo."

Nikaichomoa Zohali kwenye kijiti, nikaiweka kwenye kiganja cha kushoto, nikatia supagluu kuzunguka mahali pa pete. Sasa, kuna jambo ambalo halikuandikwa kwa herufi za kusomeka kwenye kile kichupa: supagluu ya kawaida hula polistirini. Tone likitua, linachimba. Lilichimba upande wa juu wa Zohali, likapenya taratibu, likatokea chini, likakuta kiganja changu. Mimi nasikia kajoto kidogo tu, nasema labda ni shauku ya mama. Nikabana pete mpaka ikakamata barabara. Nikamnyooshea mwanangu sayari yake.

"Mama, achia."

"Nimeachia."

"Hujaachia."

"Baba, mimi nimeachia zamani. Ni hii ndiyo haijaachia."

Wengine tunadhani gundi ile inakaushwa na hewa. Kinachoigandisha ni unyevu, hata ule kidogo ulio kwenye ngozi, na kiganja cha mama aliyechelewa kina unyevu wa kugandisha nyumba nzima.

Baba watoto akafungua simu kutafuta dawa. Akatafuta. Akatulia. Akaanza kutikisa kichwa kwa mshangao. Nikajua tumeshampoteza.

"Unajua hii gundi iligunduliwa kwa bahati mbaya? Mwaka 1942, kampuni ya Eastman Kodak, mtu anaitwa Harry Coover. Alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha kwenye bunduki. Akaitupilia mbali kwa sababu ilikuwa inanata kila mahali."

"Mtu mwenye busara. Ninanasukaje?"

"Subiri. Wakaigundua tena 1951. Sokoni imeingia 1958."

"Baba watoto!"

"Maji ya vuguvugu na sabuni," akasoma haraka. "Usivute, utachuna ngozi. Loweka, halafu viringisha kitu butu taratibu pembeni mwa gundi."

Tukajaza beseni. Nikatumbukiza mkono, mkono ukarudi juu. Nikausukuma, ukarudi. Mwanangu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa karibu kulia, akaruka kwa furaha. "Mnaona? Zohali inaelea! Mwalimu alisema ni nyepesi kuliko maji, ukipata beseni kubwa la kutosha itaelea!" Ni kweli, wanasayansi wanasema hivyo, msongamano wa Zohali ni karibu 0.7 tu ya ule wa maji. Ila sidhani kama waliwahi kuthibitisha huku wameshikamana nayo. Nililoweka nikiwa nimeegemea beseni kwa kiwiko, suti imeloa mpaka begani, nikifundishwa astronomia.

Baba watoto akaja na kisu, akapendekeza tuikate. Mtoto akamtazama. Kisu kikarudi jikoni.

Binti akaja mbio na chupa ya kutolea rangi ya kucha na fundo la pamba. "Asetoni! Hii inayeyusha supagluu." Kabla hajanigusa baba yake akapiga ukelele, "Siyo pamba! Pamba ikikutana na hiyo gundi ikiwa mbichi inapata moto, inaweza kukuunguza!" Nakiri hapo alinikosha. Ile dakika moja ya kusoma kitu chenye maana ilifidia Kodak yote.

Pamba ikatupwa. Binti akafungua chupa. Mdogo wake akajitupa katikati yetu akatandaza mikono. "Asetoni inayeyusha na polistirini! Ataimaliza Zohali yangu!"

"Hamna bwana, nani kakudanganya," binti akasema. Na kwa kuwa ni mtoto wa kizazi cha ushahidi, akadondoshea tone juu ya Uranus.

Uranus ikanywea kama puto lililosusa. Mahali palipokuwa na sayari kubwa ya rangi ya samawati pakabaki kijidimbwi chenye utelezi, kikichuruzika kwenye kijiti. Tukakitazama sote. Nje, basi la shule likapiga honi.

Mtoto akapanua mdomo. Kilio kilikuwa kinakuja, tena kile cha daraja la kwanza, kile kinachoanza na ukimya mrefu. Baba watoto akatia mkono mfukoni. Bila kusema neno akachomoa Pluto, akaichomeka kwenye kijiti cha Uranus, akarudi nyuma hatua moja na kurekebisha tai. Sijamwona mume wangu na uso ule tangu siku ya harusi.

Basi likaondoka na mtoto, sayari saba, mojawapo ikiwa na matatizo ya kisheria, na kijiti kimoja kitupu. Neno lake la mwisho dirishani lilikuwa, "Mama, usiiharibu! Mwalimu anasahihisha mchana!"

Sasa mnielewe hali yangu. Dawa ya uhakika ipo, iko kwenye chupa, naiona. Nikiitumia, mkono unapona na Zohali inafuata njia ya Uranus. Mama mwenye moyo wa jiwe angeitumia. Mimi nilitupia mtandio juu ya mkono nikakimbilia basi.

Ndani ya basi nilisimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kifuani. Mtandio ukateleza. Mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu akanyoosha kidole. "Mama ona, Zohali!" Mama yake akamshusha mkono. "Usiwanyooshee watu vidole." Halafu akanitupia jicho la kunipa pole, akasogeza mkoba wake upande wa pili.

Mlinzi wa ofisini aliniona na kile kifurushi. "Pole, mama. Umevunjika?"

"Hapana, ni sayari."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mambo ya ndani ya familia, akanifungulia mlango.

Mkurugenzi wetu ni mzee wa maneno machache ambaye maishani anaamini mambo mawili: hesabu zilingane, na mtu yeyote mwenye mkono chini ya meza yuko kwenye simu. Nilikaa mwisho kabisa, mkono mapajani. Hakunipa hata nafasi ya kupumua.

"Mikono mezani, jamani."

Nikaiweka. Mtandio juu. Kikafanya kilima, na watu wote wakaamua kutokitazama kilima hicho, ndiyo adabu ya ofisi. Nikaanza kuwasilisha. Shida ni kwamba mimi nikiongea natumia mikono, ndivyo nilivyoumbwa. Nilipofika kwenye gharama za uendeshaji nikasema zimepanda, na mkono ukapanda, na mtandio ukabaki mezani. Zohali ikachomoza juu ya vichwa vya idara ya manunuzi, pete yake imelalia upande. Macho yote yakapanda nayo. Nikasema mapato yameshuka kidogo. Yakashuka nayo.

Hakuna aliyeuliza. Sijawahi kuwasilisha mahesabu yakasikilizwa namna ile.

Baada ya hapo ikaja saa nzima ya maswali ya bajeti, na mimi nikawa nafanya kazi mbili. Mdomo unajibu, mkono wa kulia unaviringisha mgongo wa kalamu pembeni mwa gundi, taratibu, kama nilivyosomewa. Maji ya asubuhi yalikuwa yameshailegeza. Jasho la kuulizwa "hii tofauti imetoka wapi" likamalizia. Nikaanza kusikia ngozi ikiachia, upande mmoja, halafu wa pili. Tukafika kwenye "Mengineyo." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye lolote.

Zohali ikachomoka.

Ikadunda mezani, ikaanza kubiringika kuelekea mbele. Kwa sababu ya pete haikwenda moja kwa moja. Ilikwenda inayumba, inapepesuka, inampitia mhasibu mkuu, inagusa kikombe cha afisa utumishi, ikasimama mbele ya faili la mkurugenzi. Akavaa miwani.

"Hii nini?"

"Zohali, mzee."

"Ya idara gani?"

"Ya mwanangu, mzee. Mradi wa sayansi."

Akaigeuza. Akaikagua chini, akaona lile shimo. Nikajua kazi imeisha, nikaanza kuhesabu kichwani nina likizo kiasi gani. Akauliza, "Hizi pete zenyewe ni nini hasa?"

Kikao kikafufuka. Watu waliokuwa wanasinzia tangu ajenda ya pili wakainua mikono. Huyu anasema ni mawe, yule anasema ni barafu. Afisa manunuzi, ambaye sikujua kama ana maisha nje ya zabuni, akaeleza kwamba Galileo alipoitazama mwaka 1610 hakuelewa anaona nini, ikaonekana kama sayari yenye masikio. Mtu wa teknolojia ya habari akasema ina miezi zaidi ya 200, wakamkatalia, akatoa simu, na mzee, kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi ile, akamruhusu kuiangalia kikaoni. Bajeti yangu haikuwahi kupata mjadala wa moto kiasi kile, na ilikuwa na makosa ya wazi kuliko Zohali.

Kisha mzee akatazama saa. "Mwalimu anasahihisha saa ngapi?"

"Mchana, mzee."

"Dereva apeleke."

Dereva akakataa kuondoka bila kitabu kujazwa, na alikuwa sahihi, utaratibu ni utaratibu. Nikajaza: Mzigo, sayari. Idadi, 1. Hali ya mzigo, imetoboka kidogo. Nikasaini kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa na gamba gumu la gundi lililokaa na mimi mpaka ngozi yenyewe ilipoamua kulibambua.

Zohali iliwahi. Mwalimu aliisifia pete. Chini yake aliandika kwa wino mwekundu, "Pluto si sayari. Uranus iko wapi?" Baba watoto amesema atakata rufaa, ila bado hajapata anwani ya Prague.

Kikao kilichofuata tulipofika kwenye "Yatokanayo," katibu akasoma kwa sauti ileile anayosomea madeni: Zohali, ipelekwe shuleni; mhusika, dereva; hali, imetekelezwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Afisa manunuzi akainua mkono.

"Mwenyekiti, ukurasa wa nne pameandikwa pete ni za mawe na barafu. Mimi nilisema barafu kwa sehemu kubwa, mawe kidogo. Irekebishwe."

Ikarekebishwa. Tukaendelea na bajeti, na wawili wakaanza kusinzia.