Mapinduzi ya Ufaransa: njaa au deni?

Ukimuuliza mtu mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalitokana na nini utajibiwa njaa, na hapohapo atakutajia yule malkia eti alisema wasio na mkate wale keki. Hiyo ya keki tuiweke pembeni, hakuna ushahidi kwamba Marie Antoinette aliisema. Njaa yenyewe ilikuwepo kweli, ila ndo iliyomwangusha mfalme Louis wa 16 au ilimkuta kashaanza kuyumba? Mi nipo na hao wa pili, japo wa kwanza nao wana hoja nzito.

Tuanze na hela. Ufaransa iliwabeba Wamarekani kwenye vita yao na Muingereza, gharama ikapita livre (hela ya Ufaransa enzi hizo) bilioni 1 na nyingi zilikuwa za kukopa, kufika 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali inaishia kwenye madeni. Waziri wa fedha Calonne akaona dawa ni kodi ya ardhi ambayo kila mwenye shamba atalipa, awe kabwela awe kabaila, maana kodi ile ya taille ilikuwa inamkamua mkulima wakati makabaila na makasisi wamesamehewa. Februari 1787 akawaita wakubwa kikaoni awaelezee, yaani unawaita walewale unaotaka kuwachomoa hela halafu unategemea wapige makofi! Wakagoma, Calonne akatimuliwa, aliyemfuata, Brienne, naye akakwama kwa majaji wa mahakama kuu ya Paris waliosema kodi mpya haipiti mpaka liitwe Bunge la Matabaka, yaani makasisi, makabaila na tabaka la tatu ambalo ni watu wengine wote, bunge ambalo mara ya mwisho lilikaa 1614. Sasa hapa ndo watu wengi wanaparuka: waliotikisa kiti cha mfalme mwanzo kabisa ni wakubwa wenyewe, wakilinda mifuko yao, mkulima bado hajafungua mdomo. Agosti 1788 hazina ikasimamisha malipo, ndo basi tena.

Haya, njaa. Julai 13, 1788 mvua ya mawe iliteketeza mashamba, ikafuata baridi kali mito ikaganda, vinu vya maji havisagi. Februari 1789 mkate wa ratili 4 pale Paris ulifika sou (sarafu ndogo ya enzi hizo) 14 na nusu kutoka kama 9 hivi, na kibarua anapata sou 20 mpaka 30 kwa siku ile aliyopata kazi. Mwenye watoto wanne mkate mmoja hautoshi, hapo hujagusa kodi ya chumba wala kuni. Aprili watu wa mtaa wa Saint-Antoine wakavamia kiwanda cha karatasi za ukutani cha bwana Réveillon baada ya kusikia anataka mishahara ishuke, askari wakafyatua risasi, watu wakafa.

Lakini 1775 pia mkate ulipanda, fujo zikaenea mpaka zikaitwa Vita ya Unga, serikali ikamwaga askari mambo yakaisha. Njaa ipo, mapinduzi hakuna. Tofauti ya 1789 ni kwamba mfalme kafilisika na kashaita bunge mwenyewe. Mei 5 likafunguliwa Versailles, kwenye makao ya mfalme nje ya Paris, tabaka la tatu lina wajumbe wengi sawa na matabaka mawili ya juu yakijumlishwa, ila wakubwa wanataka kura ihesabiwe kwa tabaka sio kwa vichwa, kwa hiyo kila siku mbili kwa moja. Juni 17 wajumbe wa tabaka la tatu wakajiita Bunge la Taifa, Juni 20 wakakuta ukumbi umefungwa, wakaingia ukumbi wa kuchezea tenisi wakala kiapo hawatawanyiki mpaka katiba ipatikane. Wengi wao wanasheria, watu wa kushiba hao.

Ila hapo lazima nikubali kitu. Wanasheria na kiapo chao wangefukuzwa ndani ya siku moja, mfalme alishasogeza majeshi na Julai 11 akamfukuza Necker, waziri aliyependwa na watu. Kilichowaokoa ni Paris yenye njaa, iliyoenda Bastille, ngome iliyokuwa gereza, Julai 14 kutafuta baruti maana bunduki walishazipata asubuhi, wafungwa mle ndani walikuwa 7 tu. Na Oktoba wanawake wa sokoni walivyotembea kwenye mvua mpaka Versailles, walirudi Paris na familia nzima ya kifalme huku wanapiga kelele kwamba wamemleta muoka mikate, mke wa muoka mikate na mtoto wa muoka mikate.