Kiti cha wifi na fomu ya kaunti

Jamani hii Florida. Unaambiwa jimbo halina kodi ya mapato ya mtu binafsi, unafurahi, unafungua kasaluni kako ka kusuka hapa Jacksonville, mwaka unageuka tu bahasha ya kaunti hii hapa, fomu DR-405 ya kodi ya mali ya biashara, uorodheshe kila kitu cha biashara kinachoshikika, viti, draya, vioo, mpaka mashine ya kadi ya kukodi unaiandika pamoja na jina la mwenye mashine. Rasta za kuuza ndo haziingii, bidhaa za dukani hawazitozi. Vinahesabiwa vilivyokuwepo tarehe 1 Januari, fomu irudi kufikia 1 Aprili, ukichelewa wanakuongezea asilimia 5 ya kodi kila mwezi.

Basi usiku mume wangu anasoma risiti mimi najaza, mambo yanaenda, tukafika kwenye kiti cha kuoshea nywele. Hicho kiti alinipa wifi siku ya kufungua saluni, na hakukileta kimya kimya, alisimama mbele za watu akatangaza kipya, dola mia sita, sitaki mke wa kaka yangu aaibike mjini. Vigelegele vikapigwa, mimi nikapiga goti kabisa kushukuru.

Sasa fomu inataka mwaka, bei ya kununulia, hali yake, na wewe mwenyewe unakadiria leo kina thamani gani. Nikampigia, nikaweka spika.

"Wifi, kile kiti ulinunua bei gani vile? Kaunti wanauliza."

Kimya. Halafu, "We weka mia sita."

"Risiti unayo?"

"Wifi zawadi inaombwa risiti?? Nilitoa kwa moyo!"

Mume wangu akadakia, dada, hii mtu anasaini kwa kiapo, ukidanganya ni kesi. Hapo ndo tukasikia sauti ya binti yake nyuma, ya miaka saba, haina hata wasiwasi: "Mama si ndo kile tulikitoa kwenye takataka za ile saluni iliyofungwa, ukasema nikae juu yake watu wasikichukue?"

Mume wangu kaangusha risiti zote. Mimi nimeziba mdomo na khanga, machozi yananitoka, siwezi hata kukata simu.

Ila wifi yangu usimchezee, sekunde tu kashajipanga. "Na mafuta ya gari je? Na yule fundi wa bomba nilimlipa dola themanini si hela?" Na kusema kweli hapo alikuwa sahihi, maelekezo yenyewe yanasema gharama iwe pamoja na usafirishaji na kufunga. Tukaandika mafuta na fundi. Kwenye hali kuna nzuri, wastani na mbovu, mume wangu anataka mbovu, dada mtu anapiga kelele kwenye simu nzuri, ikabidi niweke wastani tulale.

Jumla ya saluni nzima haikukaribia dola 25,000, na chini ya hapo kodi ni sifuri ukishapeleka fomu yako ya mwaka wa kwanza. Nikamwambia wifi tumepona, hatudaiwi hata senti.

"Kumbe hamlipi?" akasema. "Sasa mia sita yangu mliifutia nini?"