Plagi za Subaru ya tabo: tunabishania chuma, tunasahau joto na uwazi

Mwenye Forester au Impreza ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hapa Dar es Salaam anajua jinsi swali la plagi linavyoweza kuwagawa mafundi wa gereji moja. Mmoja atakwambia weka zenye ncha ya iridiamu, chuma kigumu na ghali, funga boneti, usahau. Mwenzake atasema gari la tabo linataka "plagi za shaba" zinazobadilishwa mara kwa mara, tena zilizoshushwa daraja moja la joto, yaani plagi baridi zaidi, ili injini isiungue. Wote wana hoja, na nitazipima. Lakini nimefika mahali naamini kwamba aina ya chuma ni jambo la tatu. La kwanza na la pili ni uwazi wa plagi, yaani nafasi ambamo cheche inaruka, na daraja lake la joto, yaani jinsi plagi inavyolitoa joto upesi au polepole, na hayo ndiyo yasiyoulizwa dukani.

La uwazi nilifundishwa na mlima Kitonga. Forester yangu, yenye injini ya EJ20, ilikuwa imetoka kuwekwa plagi mpya za iridiamu, ghali kuliko zote nilizoonyeshwa dukani. Mjini ilitembea vizuri kabisa. Tulipoanza kupanda, familia ndani na mabegi nyuma, kila tabo ilipojaza injini ikaanza kumisi: inavuta, inakata, inavuta, inakata, na malori yako nyuma yangu. Nikipunguza mguu inatulia. Iringa mjini fundi alizitoa, akapitisha fila geji, kile kipimo cha vibamba vyembamba, akasoma milimita 1.1. Akazibana hadi 0.75. Tuliendelea na safari kwa plagi zile zile, na injini haikukata tena hata mara moja.

Sababu yake ni hii. Cheche inaruka kupitia hewa, na kadiri hewa ilivyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuivuka. Tabo ikisukuma bari 1, shinikizo la hewa inayoingia kwenye silinda ni karibu mara mbili ya la hewa ya nje. Koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, iliyokuwa ikimudu uwazi wa milimita 1.1 kwenye foleni ya Ubungo inashindwa pale dereva anapokanyaga mafuta mlimani. Ukipunguza uwazi, umeme unaohitajika unapungua. Huwezi kupunguza bila kikomo pia, maana cheche fupi mno huwasha mchanganyiko kwa shida, na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inapozunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Ndiyo maana wengi wenye injini hizi hukaa kati ya 0.7 na 0.8.

Inauma kwa sababu jibu limeandikwa kwenye boksi. Kwa plagi za kampuni ya NGK, BKR6EIX na BKR6EIX-11 ni ndugu, ila ile 11 ya mwisho ndiyo milimita 1.1. Muuzaji akisoma herufi na namba za mwanzo tu anakupa yoyote iliyo mkononi, na wewe unashukuru.

Sasa tuje kwenye chuma. Jina "plagi ya shaba" linapotosha. Ncha ya plagi hiyo ni ya nikeli. Shaba ipo katikati, kwenye kiini kinachopitisha joto. Na plagi ya iridiamu nayo ina kiini cha shaba. Kwa hiyo hoja ya kwamba shaba inapoza vizuri zaidi, ambayo nimeisikia kwa mafundi ninaowaheshimu sana, haitofautishi plagi hizi mbili. Tofauti ya kweli iko kwenye ncha. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, iridiamu kwenye nyuzi 2,446. Kwa kuwa iridiamu ni ngumu hivyo, ncha yake inaweza kuchongwa nyembamba sana: Denso Iridium Power ina milimita 0.4, ilhali ncha ya kawaida ya nikeli ni karibu milimita 2.5. Ncha nyembamba hukusanya umeme mahali pamoja, cheche inaruka kwa nguvu ndogo ya koili, na moto mchanga haupozwi na chuma kikubwa kilicho jirani. Kwa gari la tabo hizo ni faida halisi.

Basi kwa nini watu wa mashindano, wanaoijua kazi, bado wanaweka nikeli? Kwa sababu wanazitoa kila wakati. Gari linalofunguliwa injini baada ya kila mbio halihitaji plagi ya kukaa kilomita 60,000. Nikeli ni rahisi, uwazi wake unarekebishwa bila woga wa kuvunja ncha, na ikichafuka unaitupa. Sisi wa barabarani tuna hali nyingine. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na plagi zinatazama kuta za pembeni za chumba cha injini. Kuzifikia kunamaanisha kutoa betri upande mmoja na bomba la hewa upande mwingine, halafu kuunga vipande vya soketi huku mkono ukichubuka. Anayeshauri nikeli kwa mwenye EJ20 amwambie pia kwamba kazi hiyo itarudi mapema, kwa kuwa chini ya tabo ncha ya nikeli inalika haraka, uwazi unapanuka, na ugonjwa wa Kitonga unarudi polepole.

Kwenye joto ndipo ninapotofautiana zaidi na ushauri wa vijiweni. Daraja la joto linatokana hasa na urefu wa pua ya kauri inayozunguka ncha. Pua fupi inatoa joto upesi, nayo tunaiita plagi baridi. Pua ndefu inalishikilia. Ncha inatakiwa ipite nyuzi 450 hivi ili masizi yaungue yenyewe, na isikaribie sana nyuzi 850, maana hapo inageuka kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati. Likitokea hilo kwenye tabo, pistoni inaweza kutoboka ndani ya muda mfupi sana. Hofu ya wanaoshusha daraja ina msingi.

Ila kila daraja moja hupunguza joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100. Weka plagi ya namba 7, iliyo baridi zaidi, kwenye gari lisilobadilishwa tangu kiwandani linalotaka 6, kisha kaa saa mbili Barabara ya Mandela jioni, unasogea mita kumi na kusimama. Ncha haifikii joto la kujisafisha. Masizi yanajenga njia juu ya kauri, umeme unapita humo badala ya kuruka, na gari linamisi asubuhi. Kanuni inayotumiwa sana ni kushuka daraja moja kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Kubadilisha ekzosi peke yake hakufikishi hapo. Kama programu ya kompyuta ya injini imebadilishwa na shinikizo la tabo limepandishwa kweli, shuka, na nitakuunga mkono. Angalia tu kwamba kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi zaidi, ilhali Bosch na Champion wanahesabu kinyume. Na urefu wa uzi, ile sehemu ya plagi inayokazwa ndani ya injini, ulingane na wa zile za zamani: zipo za milimita 19 na zipo za 26.5, na ndefu kwenye tundu fupi inaweza kugongwa na pistoni.

Wapo wanaosema petroli yetu inalazimisha plagi baridi. Ni kweli magari haya yalipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa kawaida ina okteni (kipimo cha petroli kustahimili injini kugonga) karibu 100, na pampu zetu haziifikii. Lakini injini inapogonga kwa okteni ndogo, mlipuko unatokea kwenye mchanganyiko ulio mbali na plagi, baada ya cheche kuruka. Plagi baridi haitibu hilo. Dawa ni kurekebisha wakati wa cheche au kupunguza shinikizo. Chupa za kuongeza okteni nazo ziangaliwe: zenye manganizi au chuma huacha utando mwekundu kwenye kauri, na wa chuma unaweza kupitisha umeme.

Kilichobaki ni bandia, na hapo upande wa nikeli una hoja nzito kuliko zote. Mwenye kughushi anafuata palipo na faida, na iridiamu ndiyo ghali. Nimeshika plagi yenye boksi zuri na maandishi ya leza ambayo ncha yake, chini ya lenzi, ilikuwa kipande cha nikeli kilichochongwa chembamba. Ncha ya namna hiyo inalika vibaya kuliko nikeli nene ya kawaida.

Kwa hiyo gari langu lina daraja 6, uwazi 0.75, na safari hii ni nikeli, kwa sababu iridiamu nilizoletewa sikuziamini. Nimeandika kilomita kwenye kibandiko chini ya boneti. Zikitimia 15,000 nazitoa nizitazame rangi ya kauri: ikiwa kahawia hafifu zinarudi baada ya kupimwa upya, ikiwa nyeupe yenye chembe za kung'aa gari halitembei mpaka nijue kinachogonga.